Kipimo cha Damu ya Skola

Jumatatu. Baridi tangu alfajiri, na upepo unaoshuka kutoka milima ya Mbizi ni ule ule wa kila mwaka, unaingia hata pale ulipoziba. Nimevaa sweta mbili na juu yake koti la marehemu mke wangu, kwa sababu langu limechanika kwapani na sina wa kunishonea. Wanaonicheka barabarani wanicheke tu. Vidole vimekufa ganzi na simu hii haitaki vidole vya ganzi, kwa hiyo nitaandika polepole.

Moyo wangu ni mzito. Niliseme hilo kwanza, maana wachache wanaonisoma humu wamezoea kunikuta nikilalamikia majirani na kuku wao. Leo si habari ya kuku.

Mjukuu wangu Imani, ambaye ndiye aliyenifungulia blogu hii ili nipunguze kumpigia simu, yuko chuo kikuu Dar es Salaam. Anasomea chembe nyekundu za damu. Aliponiambia nilifurahi mpaka nikajisifu kanisani, kwa kuwa na mimi nimezeeka na chembe hizo, jicho moja kwenye hadubini, nikiwa msaidizi wa maabara katika hospitali moja ndogo ya huku Ufipa. Nilidhani nazijua. Juma lililopita akanitumia maelezo ya utafiti wake, kurasa sita, ameyaandika kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Yanaanza hivi: "Babu, shikamoo. Soma taratibu, usiruke."

Nimesoma mara nne. Sikuruka.

Sisi tulifundishwa kwamba chembe nyekundu ni mchukuzi tu. Haina kiini, haizai, haijui lolote, kazi yake ni kubeba hewa kutoka mapafuni na kwenda kuipakua mwilini. Imani anasema tulikosea. Anasema ngozi ya chembe ina vipokezi. Mwili ukiogopa, ukichoka, ukipigwa na baridi, unamwaga kemikali kwenye damu. Kemikali hiyo inafika kwenye chembe, kipokezi kinaipokea, kinampa habari aliye ndani, naye anampa wa pili yake, mpaka chembe nzima inabadilika. Kwa watu wa umri wangu niseme hivi: ni kama balozi wa nyumba kumi alivyopokea agizo kutoka tawini, likapita mlango kwa mlango, na jioni kila mtu analijua wala hakuna aliyeliona limeandikwa.

Kwa mtu mzima wa afya, agizo hilo halimdhuru sana. Kwa mgonjwa wa sikoseli, ambayo siku hizi mnaiita selimundu, ni balaa. Chembe zake zikipokea habari ya hofu, ngozi yake inanata. Zinashika ukuta wa mshipa, nyingine zinajazana nyuma yake, zinajipinda kama mundu, na damu inasimama pale. Kiungo kilichokosa damu kinauma maumivu ambayo hata mtu mzima huyalilia.

"Ikisikia hofu, inanata." Imani ameiandika sentensi hiyo kama kitu cha kawaida. Hajui amenifanya nini.

Hajui kwa sababu hajawahi kusikia habari za Skola.

Skolastika alikuwa mtoto wa dada yangu Febronia, mtoto wake wa kike pekee. Tulimwita Skola. Alikuwa na miaka tisa, miguu mirefu kama ya korongo, macho yenye umanjano kidogo pembeni, na akicheka alikuwa anaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Alipokuja hospitalini nilikuwa namwinua aangalie kwenye hadubini. Kila mara alifumba jicho lisilofaa, akasema, "Mjomba, mbona giza?"

Ilikuwa miaka ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Dada na mumewe, ambaye alikuwa mvuvi wa Kasanga na muda mwingi alikuwa ziwani, walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kwenye barabara ya Matai. Nyumba yao ilikuwa ya miti na nyasi, udongo haujakandikwa pande zote, na walilala humo na upepo wote wa Juni. Kijiji kilikuwa kinajenga shule yake chenyewe. Kila mtu alikuwa na zamu kwenye tanuri la matofali. Wanaume walichimba udongo, wanawake waliukanyaga, watoto wakachota maji mtoni tangu jua halijatoka.

Sitaki kuwasema vibaya watu wale. Ile shule ipo mpaka leo, na watoto wa watoto wao wamesoma humo.

Lakini Skola alikuwa hawezi. Siku mbili anachota maji, siku ya tatu anaumwa vidole, magoti, mgongo, homa inapanda. Wiki inayofuata yuko uani anaruka kamba. Watu wanaona anaruka kamba. Maneno yakaanza, kwamba mtoto wa Febronia anaumwa siku za zamu tu. Dada akamleta kwangu. Alitembea naye sehemu kubwa ya njia, amembeba mgongoni mtoto wa miaka tisa. Alikuwa anataka cheti cha hospitali, aende nacho kwa mwenyekiti wa kijiji, mtoto apumzishwe.

Nilimtazama Skola macho yale, nikahisi ni sikoseli. Nilihisi sawasawa. Hilo ndilo linaloniuma.

Kipimo chetu kilikuwa rahisi. Ile dawa ya unga inayotoa majibu upesi ilikuwa imekwisha, hatukujua italetwa lini, kwa hiyo tulitumia njia ya pili. Unaweka tone la damu kwenye slaidi, unalifunika kwa kioo chembamba, unaziba kingo zote kwa nta ya mshumaa ili hewa isiingie, unaacha mpaka kesho. Chembe zilizo ndani zinaitumia ile hewa kidogo hadi inakwisha. Ikishakwisha, chembe za mgonjwa zinajipinda. Za mzima zinabaki duara.

Niliziba vizuri. Nilikuwa fundi wa kuziba, wenzangu walinisifu. Nikaiweka slaidi dirishani, karibu na hadubini, kwa sababu hadubini yetu ilikuwa ya kioo cha kupokea mwanga wa jua na nilipenda kila kitu kiwe tayari pale pale. Usiku ule baridi ilikuwa kali, asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Nikaingia kazini, nikafikicha mikono, nikaangalia. Chembe za Skola zilikuwa duara zote, nzuri, zimepangana kama sahani. Nikaangalia tena sehemu nyingine, zikawa vile vile. Nikachukua cheti nikaandika HASI, nikatia sahihi, nikaipamba na mkia.

Nikamwambia dada, "Shukuru Mungu. Damu yake safi."

Akashukuru. Alipiga magoti palepale kwenye sakafu ya saruji. Halafu akaniuliza, "Sasa anaumwa nini?" Nikamwambia labda ni uchovu wa kukua, atazoea.

Kosa langu lilikuwa baridi. Kipimo kile nilifundishwa pwani, kwenye chumba ambacho nta ilikuwa inalainika mezani bila kuwashwa moto. Kule chembe zinakula hewa haraka, asubuhi majibu yako tayari. Huku kwetu juu, mwezi wa sita, slaidi imelala dirishani, kila kitu ndani yake kimezubaa. Hewa haikwishi. Chembe za mgonjwa zinabaki duara kwa sababu hazijapata taabu ya kuzipinda. Hakuna aliyeniambia hilo, na kama aliniambia basi nilikuwa nasinzia. Mfipa aliyezaliwa kwenye baridi hii, nikasahau kuifikiria baridi.

Kwa hilo ningeweza kujisamehe. Nilikuwa kijana, nilikosea bila kujua.

Cheti kikaenda kijijini. Dada hasomi, alidhani bado kinaweza kumsaidia kwa kuwa kina muhuri. Mwenyekiti alikisoma pale kwenye tanuri, mbele ya watu, kwa sauti: hospitali imepima, mtoto hana ugonjwa. Hakukisoma kwa ubaya, watu waliokuwapo wameniambia alitabasamu na kumpongeza dada. Lakini kuanzia siku ile Skola hakuwa mgonjwa tena. Alikuwa mvivu. Watoto wenzake wakamtungia wimbo. Na yeye, badala ya kubisha, akaanza kukimbilia mtoni kabla ya wenzake ili asiimbiwe.

Mwezi uliofuata alikuja mama mmoja kutoka Bonde la Rukwa na mtoto anayeumwa viungo. Safari hii nilitengeneza slaidi mbili. Moja nikaiweka dirishani. Ya pili sikuwa na nafasi, nikaiweka kwenye rafu juu ya jiko la kuchemshia sindano. Asubuhi ile ya dirishani ilikuwa duara tupu. Ile ya juu ya jiko ilikuwa imejaa mundu.

Damu ile ile, ya mtoto yule yule.

Nilikaa kwenye stuli mpaka muuguzi akaniuliza kama naumwa. Nilielewa mara moja, na wa kwanza niliyemfikiria ni Skola.

Sasa sikiliza nilichofanya, ewe usiyenijua. Kila Alhamisi Land Rover ya chanjo ilikuwa inakwenda njia ya Matai na kupita kijiji cha dada. Ningeweza kupanda. Ningeweza kumpa dereva barua. Ningeweza hata kumwambia kwa mdomo, "Mwambie dada yangu amlete mtoto tena, asimtume mtoni." Maneno machache tu. Lakini kwenye daftari la maabara kulikuwa na watoto wengine niliowaandikia hasi tangu baridi ianze, na mganga mkuu angeuliza, na mimi ndiye niliyekuwa nasifiwa kwa kuziba slaidi. Nikajiambia nitarekebisha kimyakimya. Wale wa mjini nikawaita mmoja mmoja, nikawapima tena kwa visingizio. Skola nikasema nitamwendea mwenyewe, mwisho wa mwezi, nikipata likizo, nikamweleze dada vizuri kwa utulivu.

Alhamisi tatu.

Alhamisi ya tatu dereva alirudi, akanikuta naosha slaidi, akavua kofia. "Pole sana. Mpwa wako hatunaye."

Aliingia mtoni asubuhi, maji ya magotini, baridi ile. Safari ya kwanza alifika na ndoo yake. Ya pili alikaa kando ya njia, wakamwambia inuka, akainuka. Jioni kifua kilimbana. Kesho yake mchana alikufa mikononi mwa mama yake, akiomba maji.

Nilikwenda kuzika. Dada alinikumbatia mimi, msomi wa familia, akaniuliza, "Mbona ulisema damu yake safi?" Nikamwambia, "Ni homa ya mapafu, dada. Imetokea tu." Hayo ndiyo maneno niliyomwambia dada yangu kwenye kaburi la mwanawe. Kuanzia siku ile slaidi zangu zote zilikaa juu ya jiko, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Sijui kama angepona. Wakati ule hatukuwa na dawa ya maana kwa ugonjwa ule. Labda angekufa tu, mwaka ule au mwaka mwingine. Lakini angekuwa amefunikwa blanketi, anapewa maji, anabembelezwa, hakuna anayemwimbia. Miaka yote nilijifariji kwamba lililomuua ni maji ya mto, na maji ya mto hayakuwa yangu. Sasa Imani ananiletea kurasa sita zinazosema chembe inasikia hofu. Skola aliogopa kuitwa mvivu kuliko alivyoogopa baridi. Hofu hiyo niliiandika mimi, na nikaipamba na mkia.

Jana nilikwenda kwa dada. Nilikuwa nimeazimia kumwambia. Bado anaishi kijiji kile kile, nyumba sasa ni ya matofali na bati, lakini miguu yake imechoka na macho hayaoni mbali. Alinipikia ugali wa ulezi na dagaa, akanikemea kwa kukonda. Baada ya kula nikaanza kwa kuzunguka. Nikamwambia siku hizi namkumbuka sana Skola.

Akasogeza sahani kando. Kisha akasema kwa Kifipa, kwa sauti ya chini, jambo ambalo sijawahi kulisikia kwake.

"Asubuhi ile nilimchapa. Alisema miguu inauma, nikamchapa aende. Si hospitali ilisema hana kitu?"

Akaendelea kwamba ameliungama kila Pasaka. Padre anamwambia ameshasamehewa, asilirudie, na yeye mwaka unaofuata analirudia. Mapadre wamebadilika, dhambi ni ile ile.

Nilisema, "Pole, dada." Nikaaga, nikapanda basi la mchana nikarudi Sumbawanga.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyo. Nilidhani miaka yote hii nimejibebea siri yangu mwenyewe. Kumbe nilimtwisha yeye. Kila Pasaka dada yangu amepiga magoti kwa ajili ya kosa langu, na mimi nimo kanisa la mjini, nimevaa suti.

Nina hasira na mimi mwenyewe kiasi kwamba nimeshindwa kunywa chai.

Kesho hakuna nafuu ya upepo, wamesema redioni. Keshokutwa nitapanda basi la Matai tena. Maandishi haya sitayaweka hadharani kabla, maana si haki watu wa mbali walijue jambo ambalo mama wa mtoto halijui. Je, nitaweza? Niliwahi kushindwa Alhamisi tatu mfululizo, na jana Jumapili nikaongeza siku ya nne.

*

Jumatano. Nimerudi. Naandika nikiwa bado na vumbi la njia.

Nilimkuta anaota jua mlangoni. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajaniuliza mbona nimerudi upesi nikasema yote nikiwa nimesimama. Slaidi, dirisha, baridi, jiko, Land Rover. Alhamisi tatu nilizitaja moja moja. Nikamweleza na aliyoyaandika Imani, kwamba damu ya mtoto ilikuwa inasikia baridi na woga, inanata, na yale maumivu ya miguu yalikuwa ya kweli kila siku aliyoyasema.

Hakulia. Hakunitukana. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru.

Akauliza jambo moja tu. "Kwa hiyo mwanangu hakuwa mvivu?"

"Hakuwa, dada. Alikuwa anaumwa."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia tena rudia, nikarudia. Kisha akaninyooshea mkono nimwinue, akanitoa mpaka barabarani, pale ambapo wasichana wawili wa jirani walikuwa wanapukuchua mahindi kwenye turubai. Wamezaliwa juzi, hata jina la Skola hawalijui. Dada akasema, "Waambie na hawa. Sema kwa sauti."

Nikasema kwa sauti, mzee mzima, na watu wengine wakasimama kusikiliza. Wasichana waliniitikia "Sawa, babu," wakatazamana. Dada alikuwa ameshika mkono wangu, na hapo ndipo alipolia.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumwuliza. Alinifungia unga wa ulezi, akaniambia nije Jumapili.

Na hapa nasema kama alivyoniagiza. Skolastika, mtoto wa Febronia, hakuwa mvivu. Mama yake alimchapa kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyekosea kipimo, nikajua nimekosea, nikanyamaza.